Kabla Safari Hazijasimama Tena: Mambo ya Kuzingatia kwa Nyumba na Biashara za Lamu

Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kabla ya mwezi huo kwisha shule zilikuwa zimefungwa, ndege za abiria kutoka nchi za nje zimesimamishwa, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri imewekwa nchi nzima. Kwa Lamu, kisiwa ambacho sehemu kubwa ya fedha yake huletwa na wageni, pigo la kwanza lilikuwa la riziki, na wengi walianza kuhesabu siku za chakula kabla ya kumjua mtu hata mmoja aliyeugua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Lakini mwezi wa Agosti 2024 shirika hilo hilo likatangaza dharura ya mpox, na Kenya ilikuwa tayari imempata mgonjwa wake wa kwanza wa maradhi hayo huko Taveta mwishoni mwa Julai. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mambo hayo yamepita anazungumzia korona peke yake. Ndege kusimama na watu kukatazwa kukusanyika ni mambo yanayoweza kurudi kwa jina jingine, na wakati wa kujiandaa nayo ni huu ambapo mashua zinatoka na fedha inaingia.

Nikitazama yaliyotupata wakati ule, naona kwamba ugomvi na hasara nyingi vilitokana na mambo ambayo watu hawakuwahi kuyazungumza mapema. Mwajiri na mfanyakazi hawakuwa wamepatana mshahara utakuwaje nyumba ya wageni ikifungwa. Mwenye duka na mpangaji wake hawakujua kodi itahesabiwa vipi. Hata ndugu wa tumbo moja hawakuwa wamesemezana ni nani atakayekaa na mama endapo Lamu na Mombasa zitatengana. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na makubaliano, ndipo nije kwenye akiba, nyumba na afya.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mkataba wa kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, lakini mpishi au mlinzi wa nyumba ya wageni, iwe Shela au mjini, anaweza kufanya kazi miaka na miaka kwa neno la mdomo tu, kwa kuaminiana. Kuaminiana huko ni jambo jema, ila hakusemi lolote kuhusu mwezi ambao hakuna mgeni. Sheria hiyo inasema kwamba anayepunguzwa kazini kwa sababu kazi yenyewe imekosekana apewe notisi ya mwezi mmoja, afisa wa kazi naye aarifiwe, na mfanyakazi alipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Likizo isiyo na malipo ni jambo la pande mbili kuridhiana. Ni vyema basi wahusika wakae sasa na kuandika kifungu kifupi, kwa mfano: ikiwa safari za ndege zitasimamishwa kwa amri ya serikali, mfanyakazi atalipwa nusu mshahara kwa miezi miwili, ataendelea kukaa katika chumba alichopewa, na atakuwa wa kwanza kuitwa nyumba ikifunguliwa. Kiwango chaweza kuwa kingine kulingana na uwezo wa mwajiri. La muhimu ni kwamba kila mmoja anajua lake kabla ya siku hiyo kufika, na kwamba karatasi ina sahihi mbili.

Makubaliano ya pili ni kati ya mwenye chombo au nyumba na mgeni mwenyewe. Arbuni iliyokwisha kutumika kununulia mbao au mafuta ya injini hairudishiki kwa siku moja, na mgeni aliyenyimwa fedha zake bila maelezo harudi tena. Masharti yaandikwe kwa lugha nyepesi na kutumwa pamoja na risiti: ni sehemu gani ya malipo itakayorudishwa, ni sehemu gani itakayohesabiwa kwa safari ya baadaye, na safari hiyo ya baadaye ina muda gani. Mimi napendelea sharti la kuahirisha kuliko la kurudisha fedha, kwa sababu humwachia mgeni nafasi ya kuja na humwachia nahodha uwezo wa kuwalipa mabaharia wake. Hata hivyo, sehemu ya kila arbuni, walau theluthi, isiguswe mpaka mgeni awe ameshuka gatini.

Kuhusu kodi ya duka au mkahawa, sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi na yule ambaye mkataba wake wa maandishi hauzidi miaka mitano, kiasi kwamba mwenye nyumba hawezi kubadilisha masharti au kumtoa bila notisi ya angalau miezi miwili. Jambo hilo lijulikane kwa pande zote, kwani mwenye nyumba naye huenda ni mjane anayeishi kwa kodi hiyo moja.

Sasa akiba, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi, maana hesabu ya Lamu si sawa na ya Nairobi. Mji wetu umezoea kufungika. Kila mwaka kusi inapoanza na masika kushuka, kuanzia Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hufunga milango, bahari huchafuka, na watu huishi kwa walichokipata wakati wa kaskazi. Kwa hiyo nyumba nyingi zinajua kuweka akiba ya miezi mitatu, na baadhi ya watu waliamini mwaka 2020 kwamba ujuzi huo utawavusha. Lakini ndege za kutoka nje zilizosimamishwa tarehe 25 Machi hazikuruhusiwa tena hadi tarehe 1 Agosti, na kuruhusiwa kwa ndege si sawa na kujaa kwa ndege. Msimu wa Julai na Agosti, ambao ndio hulipa madeni ya kusi, ukapita bila wageni. Akiba ilikuwa imepimwa kwa msimu mmoja mbaya, na ile ilikuwa misimu miwili mfululizo. Kwa anayeishi kwa wageni, kipimo cha busara basi ni miezi sita ya matumizi ya lazima: chakula, karo, kodi, dawa na utunzaji wa chombo.

Hilo la chombo husahaulika. Mashua inayokaa pwani juani bila kutumika hukauka, mbao zake hujikunja na nafasi kati yake hufunguka, hata siku ya kuirudisha majini inavuja kila mahali na kuhitaji kukalafatiwa upya, yaani kuzibwa nafasi hizo, kabla ya kupakia mtu. Injini nayo inahitaji kuwashwa mara kwa mara. Nahodha aliyeweka fedha za chakula pekee anaweza kufika mwisho wa janga akiwa mzima wa afya lakini hana chombo cha kufanyia kazi. Aandike gharama hiyo kando na kuihesabu kama mlaji mmoja zaidi katika nyumba.

Wengi huweka akiba katika chama, na chama ni kitu kizuri, ila wanachama wajiulize swali moja: je, sote riziki yetu inatoka mlango mmoja? Chama cha manahodha watupu, au cha akina mama wanaowauzia wageni vikapu na makawa, kina udhaifu ambao hauonekani siku za neema, kwa kuwa siku mgeni anapokosekana wote hukosa kwa pamoja, wote huomba mkopo wiki moja, na hakuna wa kulipa deni la zamani. Chama chenye mwalimu, mvuvi, muuza mboga, fundi na mkulima wa bara, kutoka vijiji vya Hindi au Mpeketoni, husimama vizuri zaidi, maana maji yanapompungukia mmoja hayajampungukia mwingine. Ikiwa chama kimekwisha kuundwa na watu wa kazi moja, basi sehemu ya fedha iwekwe mahali pengine, kwa mfano katika SACCO yenye wanachama wa kazi mbalimbali, na sheria ya chama ieleze mapema ni kiasi gani ambacho mwanachama anaweza kuchukua wakati wa dharura ya wote.

Mantiki hiyo hiyo itumike katika kuchagua kazi ya pili. Watu husema kwamba nahodha akikosa wageni atavua, na ni kweli atapata samaki wa kula. Lakini samaki wa bei nzuri, kamba na kaa hununuliwa na hoteli, na kafyu ya saa moja jioni iliwazuia wavuvi wa usiku. Uvuvi unaosaidia wakati kama huo ni ule wenye soko la ndani na usiooza: ng'onda aliyekaushwa vyema na kutunzwa pakavu huuzwa hata baada ya wiki kadhaa. Nakshi za mbao nazo, pamoja na uzuri wake wote, hufuata mkoba wa mgeni. Ufundi wa simu, ukarabati wa nyumba za wenyeji, ushonaji wa sare za shule na kilimo cha bara havimtegemei mgeni, na kijana anayefanya kazi ya ufuoni afadhali ajifunze kimojawapo sasa wakati anao wa kumfundisha na hana njaa.

Kazi ya mtandaoni nayo imekuwa sehemu ya maisha mapya. Wapo vijana wetu wanaotafsiri, wanaofanya hesabu za biashara au kupokea oda za watu wa mbali, na wapo wageni wanaokuja kukaa mwezi mzima huku wakiendelea na kazi zao za ofisi kwa kompyuta. Atakaye kuwapokea hao ahakikishe mambo matatu kabla ya kutangaza nyumba: mtandao wa kampuni mbili tofauti ili mmoja ukikatika mwingine ufanye kazi, betri au sola ya kuhimili umeme unapopotea, na meza ya kukalia iliyo na mwanga na upepo. Bei ya mwezi iwe imekwisha kupangwa.

Nikija kwenye nyumba, babu zetu walitujengea vizuri kuliko tunavyokumbuka. Virusi vya korona husambaa zaidi katika vyumba vilivyofungwa ambamo watu wanapumua hewa ile ile, na nyumba ya mawe ya Lamu ina sehemu zenye hewa nyingi na sehemu zisizo na hewa kabisa. Daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lipo wazi kwa njia; kiwanda, yaani ua wa ndani, kipo wazi kwa mbingu; na msana, yaani ukumbi unaoelekea ua huo, unapata upepo wa kiwanda. Lakini kule ndani kabisa, chumba ambacho kwa desturi ndicho chenye sitara, hakina dirisha. Desturi yetu ya kumlaza mgonjwa ndani ili apate utulivu inafaa kwa maradhi mengine, ila kwa maradhi ya kuambukiza kwa hewa mgonjwa apewe msana au chumba cha juu chenye madirisha, mlango wa ndani ufungwe, na mhudumu wake awe mmoja. Nyumba yenye wazee iamue leo chumba hicho ni kipi na choo kipi kitatumika. Wageni wa kawaida wapokewe dakani. Hapo hakuna utovu wa adabu, kwani mabaraza yake yalijengwa kwa kazi hiyo. Ndoo yenye bomba na sabuni ikae karibu na mlango mwaka mzima.

Kwa upande wa afya, wenye presha na sukari wawe na dawa za mwezi mmoja zaidi ya zile wanazotumia, wakizizungusha ili zisipitwe na muda. Chanjo za watoto zisiachwe kwa hofu ya kwenda kliniki. Bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, na asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka. Ilipwe wakati wa kaskazi, isingoje Mei. Anayeishi Matondoni, Kipungani au Pate awe na nambari za manahodha wawili walio tayari kutoka usiku, akubaliane nao bei na mafuta, na amwulize afisa wa afya wa kijiji utaratibu wa kumsafirisha mgonjwa wakati wa kafyu.

Watoto wengi walikaa nyumbani kuanzia katikati ya Machi 2020 hadi Januari 2021, na masomo yaliyofika kwa wengi yalikuwa yale ya redio ya KBC. Redio ya betri na vitabu vya darasa la mbele viwepo nyumbani. Chakula kinaletwa na boti kutoka Mokowe, basi mchele, unga, mafuta na gesi ya mwezi mmoja vinatosha; kurundika zaidi ya hapo ni kumpandishia bei jirani.

Limebaki jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza. Mwaka 2020 mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, misikiti ilifungwa kwa miezi, na jamaa waliokuwa Mombasa hawakuweza kutoka huko mpaka tarehe 7 Julai. Familia nyingi zilibaki na uchungu wa kutoalikana ambao bado haujapoa. Wazee wakiwa wazima na kikao kikiwa cha heri, wanafamilia wapatane ni akina nani watakaotangulia kusimama kwenye janaza idadi ikipunguzwa, ni nani atakayewapigia simu walio mbali na kuwaonyesha kwa video, na kisomo cha pamoja kitafanywa lini njia zitakapofunguliwa. Majina hayo yaandikwe na kukaa kwa mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote za ukoo, na yaangaliwe tena kila mwaka kabla ya Ramadhani, kwa sababu watoto wanakua na wengine wanahama.