Pima kasha kabla ya kununua kadi ya michoro

Kama unaunda kompyuta mwenyewe, usilipie kadi ya michoro (GPU, inayotengeneza picha za skrini) kabla hujachukua futi ukapima ndani ya kasha la kompyuta: kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye feni ya mbele, si hadi kwenye bati la mbele la kasha. Urefu unaotangazwa kwa kasha wakati mwingine huhesabiwa bila feni, na feni ya kawaida inakula milimita 25. Kadi kubwa za siku hizi zinapita milimita 300, hivyo hizo 25 ndizo zinazokwamisha. Acha nafasi ubavuni mwa kadi pia: waya wake wa umeme ukikunjwa kwa nguvu, plagi inaweza kulegea na kupata moto. Kipimo hiki hakikwambii kama pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) itaimudu kadi; hapo angalia wati.