Fulana ya Kila Siku Ikianza Kuchakaa Mapema: Namna ya Kuchagua Nyingine

Fulana ninazovaa ndani ya kanzu nilizinunua za jina lile lile kwa miaka mingi, mpaka za mwisho zikanivunja moyo: baada ya kufuliwa mara nne, shingo ilikuwa imelegea na mshono wa ubavuni umezunguka hadi karibu na kitovu. Kabla hujahamia jina jingine, itandaze kitandani fulana yako ya zamani kando ya hiyo mpya, kwa sababu ile kuukuu ndiyo kipimo chako cha kuaminika.

Anza na lebo ya ndani. Yangu ya zamani iliandikwa pamba asilimia 100, ilhali mpya ilikuwa na polista zaidi ya nusu, na jina la nje halikubadilika hata herufi moja. Kwa mji wenye joto na unyevu kama Mombasa, jambo hili si dogo. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake, lakini polista haifiki hata asilimia 1, ndiyo maana wakati wa kaskazi jasho hukosa pa kwenda na harufu hung'ang'ania nguo. Ukiitilia shaka lebo, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo ukiwa nyumbani, uushike kwa kibanio juu ya sinki na uuwashe: wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, wa polista hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kisha inua kitambaa dirishani. Nilipotia mkono ndani ya fulana mpya niliweza kuhesabu vidole vyangu vyote, na katika ile ya zamani niliona kivuli tu. Igeuze ndani nje, uvute mshono wa bega kwa mikono miwili. Ukiona nyuzi zinaachana na mwanga unapenya, iache dukani.

Usidharau mitumba ya Kongowea. Nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi imeshapungua na kupauka vya kutosha, kwa hiyo unachokiona ndicho utakachobaki nacho. Kagua kwapa na ukosi tu. Kwa leso au kikoi kutoka Barabara ya Biashara, omba ruhusa ya mwenye duka, usugue pembe kwa kitambaa cheupe kilicholowa, uone kama rangi inatoka.

Ukishachagua jina jipya, nunua moja tu, hata kama bei ya dazeni inavutia. Ipime kwa futi ya fundi kutoka begani hadi kwenye pindo, uifue mara tatu kama unavyofua siku zote, uianike kivulini, halafu uipime tena. Mimi fulana ya sentimita 70 ikipungua zaidi ya sentimita 3, sirudi kununua ya pili. Ikifaulu, rudi upesi ukachukue nyingine za mzigo ule ule, maana mzigo unaofuata huenda ukatoka kiwanda kingine chini ya jina hilo hilo, na hapo itakubidi uanze tena na lebo.