Mwezi mpevu na milima ya mashariki

Ukiwa Mbeya mjini, usiiamini sana saa ya kuchomoza mwezi inayoonyeshwa na simu. Saa hiyo huhesabiwa kwa upeo ulio tambarare, na wewe umezungukwa na milima. Nyoosha mkono, kunja ngumi, uipime juu ya mlima ulio mashariki. Ngumi moja ni takriban nyuzi 10, na kila nyuzi huuchelewesha mwezi kama dakika 4. Mlima wa nusu ngumi, basi, ni dakika 20 hivi. Walio Iringa wapande jiwe la Gangilonga lililo juu ya mji, mambo yao rahisi.

Kwa picha, jioni ya kabla ya mwezi mpevu ni bora: unatoka kama dakika 50 mapema, nchi ingali na mwanga. Gusa mwezi kwenye skrini, kisha shusha mwanga, la sivyo utapata doa jeupe tu.

Ule ukubwa wa mwezi ukiwa chini kabisa ni macho yanakudanganya. Uzibe kwa ukucha wa kidole kidogo, mkono ukiwa umenyooka. Rudia saa nne usiku, ukiwa umepanda juu. Ukucha uleule unatosha. Wekundu, huo ni wa kweli: hewa nene, na moshi wa mashamba ya Septemba. (Juni na Julai kuna baridi, vaa koti zito.)