Seva ya mafaili na printa kwenye ofisi ndogo: mafaili yapite Samba, printa ipite CUPS

Mwongozo huu ni wa ofisi yenye kompyuta tano hadi ishirini hivi, nyingi zikiwa za Windows, na printa moja au mbili za kugawana. Amri zimeandikwa kwa Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux. Anayetumia Ubuntu atazikuta karibu zote zilezile. Mashine yenyewe haihitaji kuwa ya kifahari: kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye RAM ya GB 4, inatosha. Pesa iende kwenye diski nzuri, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na swichi ya gigabiti. Swichi ya zamani ya 100 Mbps hupitisha takriban MB 11 kwa sekunde hata ukiweka diski ya SSD, na watu wataitukana seva bure.

Kwanza amua nani abebe nini. Miongozo mingi ya zamani huipa Samba, programu ya Linux ya kugawana na Windows, kazi zote mbili, mafaili na printa. Usifuate njia hiyo leo. Katikati ya mwaka 2021 iligunduliwa kasoro kubwa katika mfumo wa uchapishaji wa Windows, ile iliyoitwa PrintNightmare, na kuanzia Agosti mwaka huo Windows inadai nywila ya msimamizi kila mtumiaji wa kawaida anapotaka kupokea draiva (programu ya kuendesha printa) kutoka seva ya printa. Matokeo yake ni kwamba kila mfanyakazi mpya akitaka kuchapisha lazima akuite. Printa ikipitia CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, kwa itifaki ya IPP (lugha ya kuchapisha kupitia mtandao), usumbufu huo haupo, na simu nazo zinachapisha.

Anwani na diski

Seva isiwe na anwani ya kuhamahama. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uifungie MAC ya seva, yaani namba ya kadi yake ya mtandao, anwani moja. Hapa tutatumia 192.168.1.10 kwenye mtandao wa 192.168.1.0/24. Iunganishe kwa kebo, si Wi-Fi.

Kama data itakaa kwenye diski ya pili, iwe ya ext4, muundo wa diski wa Linux. Diski ya nje iliyokuja na NTFS au exFAT italeta kero, kwa sababu ruhusa za Linux hazitashika kama tunavyozihitaji hapa chini. Pata UUID (kitambulisho cha diski) kwa `sudo blkid`, kisha uongeze mstari huu kwenye /etc/fstab:

```
UUID=weka-uuid-yako  /srv  ext4  defaults,nofail  0  2
```

Neno `nofail` linaifanya seva iwake hata diski ikiwa imechomoka. Lina hatari yake lakini: diski isipopatikana, watu wataendelea kuandika kwenye folda tupu ya /srv iliyo kwenye diski ya mfumo, na siku diski ikirudi mafaili hayo yataonekana yametoweka. Kinga yake ni kuifunga folda hiyo kabla ya kupachika diski:

```
sudo chattr +i /srv
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount /srv
```

Sasa diski ikikosekana, kuandika kutagoma papo hapo. Kugoma mchana kweupe ni nafuu kuliko kupoteza kimyakimya.

Watumiaji, makundi na folda

Tuchukue folda mbili: `ofisi` kwa wote, na `hesabu` kwa wahasibu peke yao.

```
sudo apt install samba wsdd acl
sudo groupadd ofisi
sudo groupadd hesabu
sudo mkdir -p /srv/ofisi/.takataka /srv/hesabu
sudo chgrp -R ofisi /srv/ofisi
sudo chgrp hesabu /srv/hesabu
sudo chmod 2770 /srv/ofisi /srv/ofisi/.takataka /srv/hesabu
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi,hesabu asha
sudo smbpasswd -a asha
```

Ile 2 iliyotangulia 770 ndiyo inayosahaulika zaidi. Inafanya kila faili jipya lirithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeliandika. Bila hiyo, Asha akiunda folda, Juma ataiona lakini hataweza kuhifadhi kitu ndani.

Nywila ya Samba ni kitu tofauti na nywila ya Linux. Windows huthibitisha nywila kwa namna ambayo hifadhi ya Linux, /etc/shadow, haiwezi kuitumia, ndiyo maana Samba ina daftari lake lenyewe. Kuwepo kwa mtu kwenye Linux hakutoshi. Amri ya `sudo pdbedit -L` itakuonyesha ni nani hasa Samba inamjua.

Faili la smb.conf

Weka kando nakala ya /etc/samba/smb.conf, kisha andika lako jipya, fupi. Faili linalokuja na mfumo lina maelezo mengi, na mistari inayokuhusu hupotea humo.

```
[global]
   workgroup = WORKGROUP
   server string = Seva ya ofisi
   hosts allow = 127. 192.168.1.
   map to guest = Never
   log file = /var/log/samba/log.%m
   max log size = 1000
   load printers = no
   printing = bsd
   printcap name = /dev/null
   disable spoolss = yes

[ofisi]
   path = /srv/ofisi
   valid users = @ofisi
   read only = no
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   force create mode = 0660
   directory mask = 2770
   force directory mode = 2770
   vfs objects = recycle
   recycle:repository = .takataka/%U
   recycle:keeptree = yes
   recycle:versions = yes
   recycle:touch = yes

[hesabu]
   path = /srv/hesabu
   valid users = @hesabu
   read only = no
   force group = hesabu
   create mask = 0660
   force create mode = 0660
   directory mask = 2770
   force directory mode = 2770
```

Mistari minne ya mwisho ya `[global]` inaitoa Samba kabisa kwenye mambo ya printa.

`map to guest = Never` inastahili neno. Debian huja na `bad user`, maana yake anayekosea jina hapewi ujumbe wa kosa bali hugeuzwa mgeni, halafu hufungiwa mlango kwenye folda. Mtu anaona "access denied" na wewe unatumia saa nzima kukagua ruhusa, kumbe aliandika `ahsa` badala ya `asha`. Wala usifikirie kuwaachia watu waingie bila nywila ili kurahisisha mambo: matoleo mapya ya Windows 10 na 11 yanazidi kukataa seva za wageni, na toleo la 24H2 la Windows 11 linakataa hata kwenye Pro.

Pipa la taka, ile mistari ya `recycle` inayohifadhi mafaili yaliyofutwa, lina mtego mmoja. Tumeliunda `.takataka` wenyewe kwa makusudi. Ukiiachia Samba iliunde, litaundwa kwa ruhusa 0700 kwa jina la mtu wa kwanza kufuta kitu. Wa pili akifuta, Samba itashindwa kuingia humo na italifuta faili moja kwa moja, bila kumwambia. Pipa hilo halijisafishi pia. Amri hii kwenye cron (ratiba ya kazi za mfumo) ya root, mara moja kwa wiki, inaondoa yaliyokaa zaidi ya siku 60:

```
find /srv/ofisi/.takataka -type f -atime +60 -delete
```

Tunatumia `-atime` kwa sababu `recycle:touch` huandika muda wa kufikiwa pale faili linapotupwa, si muda wa kuhaririwa.

Kagua sintaksi kwa `testparm`, halafu washa:

```
sudo systemctl restart smbd nmbd wsdd
smbclient //localhost/ofisi -U asha -c 'ls'
```

Jaribu hapo hapo kwenye seva kabla ya kuinuka kitini. Ikifanya kazi hapa na ikakataa kwenye Windows, tatizo ni mtandao au ukuta wa moto, si ruhusa. Baadaye ukibadilisha kitu saa za kazi, tumia `sudo smbcontrol all reload-config`; kuwasha upya `smbd` kunawakata waliofungua mafaili.

Ukuta wa moto

```
sudo apt install ufw
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 631 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5357 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 3702 proto udp
sudo ufw enable
```

Poti 22, ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), itangulie, la sivyo utajifungia nje. 5357 na 3702 ni za `wsdd`, inayoifanya seva ionekane kwenye orodha ya Network ya Windows. Poti 445, ya Samba, isifunguliwe kwenye intaneti kwa hali yoyote ile. Anayefanya kazi nyumbani apewe VPN, njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kupitia poti hiyo ya 445, kwa kutumia SMB1, toleo la zamani la itifaki ya mafaili ya Windows. Samba tangu toleo la 4.11 imeizima SMB1, nawe usiiwashe kwa ajili ya skana moja ya kizamani.

Printa

```
sudo apt install cups avahi-daemon printer-driver-escpr hplip
sudo lpinfo -v
sudo lpinfo -m | grep -i epson
```

`printer-driver-escpr` ni kwa Epson, zikiwemo nyingi za tangi za familia ya L. Ile ya `hplip` ni kwa HP. Amri ya pili inataja vifaa vilivyoonekana, ya tatu inataja draiva. Kama printa ni ya mtandao na inajua IPP, draiva haihitajiki hata kidogo:

```
sudo lpadmin -p Ofisi -E -v ipp://192.168.1.20/ipp/print -m everywhere
```

Ya USB inachukua anwani iliyotajwa na `lpinfo -v` na draiva iliyotajwa na `lpinfo -m`. Kisha, kwa aina yoyote:

```
sudo lpadmin -p Ofisi -o PageSize=A4 -o printer-is-shared=true
sudo lpadmin -p Ofisi -o printer-error-policy=retry-job
sudo cupsctl --share-printers
sudo systemctl disable --now cups-browsed
```

Ukiruka ile ya A4, kuna siku foleni itakuwa Letter na printa itasimama ikidai karatasi ambayo hakuna duka mtaani linaiuza.

`retry-job` ni kwa ajili ya umeme. Foleni ikiwa na kanuni ya `stop-printer`, umeme ukikatika katikati ya kazi CUPS inaisimamisha printa, na umeme ukirudi haiiwashi. Kwa `retry-job` inajaribu tena yenyewe.

`cups-browsed` kazi yake ni kutafuta printa zilizotangazwa na wengine. Seva inayotangaza haiihitaji, na Septemba 2024 iligundulika ina kasoro ya usalama kwenye poti 631 ya UDP. Kama haikusakinishwa, amri itakuambia haipo, endelea.

Upande wa Windows chagua kuongeza printa kwa mkono, halafu "Select a shared printer by name", uandike:

```
http://192.168.1.10:631/printers/Ofisi
```

Ikiuliza draiva, chagua Microsoft IPP Class Driver. Usichague draiva ya kampuni ya printa: hapo Windows itaitafsiri hati kwenda lugha ya printa, halafu CUPS nayo ijaribu kuitafsiri mara ya pili. Kazi ama inapotea, ama inatoka rundo la karatasi zenye herufi za ajabu. iPhone na Android zitaiona printa zenyewe kupitia Avahi (huduma inayoitangaza mtandaoni), ilimradi ziko kwenye mtandao uleule na Wi-Fi ya ruta haijatenganisha wageni.

Ukitaka kutumia jina badala ya anwani na ukapata "Bad Request", ongeza `ServerAlias *` kwenye /etc/cups/cupsd.conf na uwashe upya `cups`. Wanaoingia kwa VPN wakikataliwa ilhali waliopo ofisini wanachapisha, chanzo ni `Allow @LOCAL` ndani ya faili hilohilo: inatambua mitandao ya seva yenyewe tu, kwa hiyo ongeza mstari wa `Allow` wenye mtandao wa VPN, na ukuta wa moto nao uruhusu.

Yanayokwama mara nyingi

Windows ikilalamika kwamba huwezi kuunganishwa na seva moja kwa majina mawili, kosa 1219, ni kwa sababu tayari ina muunganisho wa jina jingine uliofichika. Fungua Command Prompt:

```
net use * /delete
net use Z: \\192.168.1.10\ofisi /user:asha /persistent:yes
```

Kumbuka ya kwanza inakata miunganisho yote ya mashine hiyo, kwa hiyo mtu ahifadhi kazi yake kwanza.

Mtu anaingia ila hawezi kuandika: ruhusa ziko tabaka mbili, za Samba na za Linux, na lililo kali zaidi ndilo linaloshinda. `namei -l /srv/ofisi` huonyesha kila folda njiani. Moja tu ikikosa `x`, njia imefungwa. Ukimwongeza mtu kwenye kundi, lazima atoke na kuingia tena, kwani Samba husoma makundi wakati wa kuingia tu.

Excel ikisema faili limefungwa na mtu ambaye ameshaenda nyumbani, `sudo smbstatus -L` itakuonyesha ni mchakato namba ngapi. `sudo kill` ya namba hiyo inakata muunganisho wa kompyuta moja tu, wengine hawaguswi.

Windows inachanganya mafaili mawili ambayo Linux inayaona kuwa tofauti: mtu aliunda `Ripoti.xlsx` na `ripoti.xlsx` kupitia SSH. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Badilisha jina la mojawapo.

Foleni ya printa imeganda: `lpstat -t` itakupa sababu, `cancel -a Ofisi` inafuta kazi zote, `sudo cupsenable Ofisi` inaiamsha.

Pipa la taka si nakala rudufu. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kompyuta ya Asha, kitafunga kila kinachoandikika kwenye Z:. Weka diski ya tatu, ya ext4, isiyoshirikiwa na Samba, yenye mstari wake kwenye /etc/fstab wa kuipachika /mnt/nakala kwa `noauto`, ipachikwe kwa ajili ya nakala tu:

```
sudo mount /mnt/nakala
sudo rsync -aAX /srv/ /mnt/nakala/$(date +%u)/
sudo umount /mnt/nakala
```

`date +%u` ni namba ya siku, 1 hadi 7, hivyo kila siku ya wiki ina folda yake. Hakikisha diski ina nafasi ya angalau mara saba ya data yako, na amri ya pili isiendeshwe kama ya kwanza imeshindwa, maana utajaza diski ya mfumo. Ukiziweka kwenye hati ya cron, mstari wa juu kabisa baada ya `#!/bin/sh` uwe `set -e`.