Kupima MDA na glutathioni kwa mbwa mwenye upungufu wa damu

Nimemsaidia mwanafunzi wa tiba ya mifugo anayefuatilia mbwa wenye babesia, ugonjwa wa vimelea vya chembe nyekundu unaoletwa na kupe, na majibu yake ya MDA yalikuwa yanapanda na kushuka bila mpangilio. Kemikali hazikuwa na tatizo. Shida ilianzia kwenye bomba la sindano, ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Kwa kifupi: chembe nyekundu zikivunjika, chuma cha hemoglobini huchochea radikali huru (molekuli zenye kuharibu), nazo hushambulia mafuta ya utando wa chembe nyingine. MDA (malondialdehaidi) ni mabaki ya mashambulizi hayo. Glutathioni ni sehemu ya kinga ya chembe.

Hatua ya 1: PCV na slaidi

PCV (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikiwa chini ya asilimia 37, mbwa mzima huyo ana upungufu wa damu. Angalia vimelea kwenye slaidi, kisha hesabu retikulosaiti (chembe nyekundu changa). Usiiache hesabu hiyo, utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Kutoa damu bila kuivunja

Tumia mshipa wa shingo. Wa mguu wa mbele ni mwembamba, na mbwa aliyeishiwa damu mishipa yake hulala. Ukivuta kwa nguvu, chembe zinapasuka. Sindano ya geji 21, vuta polepole. Kabla ya kumimina, ng'oa sindano kwenye bomba, kisha iache damu iteremke ukutani mwa tyubu ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande). Napendelea EDTA kuliko heparini, nayo pia huzuia kuganda, kwa MDA kwa sababu inakamata chuma kilichokwisha kutoka. Pindua tyubu taratibu, usiitikise. Zungusha kwenye sentrifuji ndani ya saa moja, g 1,500 kwa dakika 10, na usifyonze hadi mpakani mwa chembe.

Sasa inue tyubu mbele ya karatasi nyeupe. Plazma (maji ya juu ya damu) ikiwa na rangi ya waridi, jiulize: chembe zimevunjikia mkononi mwako au ndani ya mbwa? Rudia kutoa damu upande wa pili wa shingo, na uchukue mkojo. Mkojo mwekundu uzungushe pia. Wekundu ukituama chini na juu kukabaki safi, hizo ni chembe zenyewe, mbwa anakojoa damu. Ukibaki mwekundu mpaka juu, inaelekea ni hemoglobini iliyochujwa na figo, na plazma yako ya waridi ni ya ugonjwa.

Sampuli iliyoharibika mkononi itupe. Iliyoharibiwa na ugonjwa usiitupe hata kidogo! Ukitupa kila plazma nyekundu, umewaondoa mbwa wagonjwa kuliko wote, na utafiti wako utasema babesia haina madhara makubwa. Pima hemoglobini huru kwenye kila plazma, uiandike kando ya MDA.

Hatua ya 3: Kuhifadhi

Nyuzi −80. Friza ya kawaida ya −20 haitoshi kwa wiki nyingi, hasa umeme ukikatika na sampuli ziyeyuke na kuganda tena.

Hatua ya 4: MDA

Plazma ml 0.5, TCA (asidi ya kugandisha protini) ya asilimia 20 ml 1, na BHT (kemikali ya kuzuia uoksidishaji) kidogo ili mafuta yasiendelee kuoksidika kwenye joto. Zungusha. Chukua ml 1 ya maji ya juu, ongeza ml 1 ya TBA (kemikali inayotoa rangi ya waridi ikikutana na MDA), weka nyuzi 95 kwa saa moja, poza, soma kwenye nanomita 532. Kila sampuli iwe na blanki yake (sampuli ya kulinganishia) isiyo na TBA, kwa sababu plazma ya mbwa mwenye manjano ina rangi yake yenyewe. Gawanya kwa 0.156, zidisha kwa 6: usomaji wa 0.078 ni mikromoli 3 kwa lita.

Hatua ya 5: Glutathioni na vimeng'enya

Osha chembe mara tatu kwa salaini baridi na uondoe utando mweupe wa juu. Glutathioni soma kwa DTNB (kemikali inayogeuka njano ikikutana nayo), nanomita 412. Majibu yote ya chembe yatoe kwa kila gramu ya hemoglobini. Ukiyatoa kwa mililita ya damu, mbwa mwenye chembe chache ataonekana amepungukiwa kinga, kumbe kilichopungua ni chembe.

Hatua ya 6: Kusoma majibu

Rudi kwenye retikulosaiti. Chembe changa zina vimeng'enya vingi kuliko zilizozeeka, kwa hiyo mbwa ambaye uboho wake unafanya kazi kwa bidii anaweza kuonyesha katalasi (kimojawapo cha vimeng'enya hivyo) ya juu huku bado anaumia. Linganisha mbwa wenye retikulosaiti zinazokaribiana.

Vipimo vya jumla ya antioksidanti (vitu vinavyozuia radikali huru) sivipendi kwa wagonjwa hawa. Bilirubini, rangi ya manjano itokanayo na chembe zilizovunjika, yenyewe ni antioksidanti, hivyo mbwa mwenye manjano anaweza kupata alama nzuri kwa sababu tu chembe zake zinavunjika. Ukilazimika kuvitumia, pima bilirubini siku hiyohiyo, kwenye plazma ileile.