Kupunguza Muda Wako wa Mita 100: Mwongozo kwa Anayeanza

Uganda inasifika kwa mbio ndefu. Joshua Cheptegei aliweka rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000 mwaka 2020, na siku hizi kijana akisema anataka kasi huambiwa aamke alfajiri akimbie kilomita nane. Ushauri huo unamfaa mtu wa Kapchorwa, kule milimani mashariki mwa Uganda, anayejiandaa kwa mbio ndefu. Kwa mita 100 unakula muda na miguu bure. Na mbio za kasi si ngeni kwetu: John Akii-Bua alileta dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kutoka Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na Davis Kamoga akapata shaba ya mita 400 Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996.

Kasi hujengwa kwa kukimbia kwa nguvu zote ukiwa hujachoka. Misuli ina akiba ndogo ya nishati ya haraka, hutumika ndani ya sekunde chache na huhitaji dakika kadhaa kujaa tena. Ukirudia mbio kabla haijajaa, unajifunza kukimbia polepole. Kwa hiyo pumzika dakika 1 kwa kila mita 10 ulizokimbia kwa kasi ya juu: mita 30, dakika 3. Watazamaji watadhani wewe ni mvivu. Waache.

Pima kwanza

Usikimbie kutoka goli hadi goli ukaita hiyo mita 100. Viwanja vya mpira hutofautiana urefu. Chukua tepu ya fundi ujenzi, pima mita 20 za kamba isiyovutika, kisha ilaze mara tano kwa mstari ulionyooka. Weka alama kwenye mita 30, 60 na 100.

Anayeshika saa asimame kwenye mstari wa mwisho, na anayeanzisha ashushe mkono wakati anapopiga kelele. Saa ianze mkono unaposhuka, si sauti inapofika, kwa maana sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100, na hapo utajiona umepata kasi ambayo huna. Saa isimame kifua kinapofika mstarini. Kichwa na mikono havihesabiwi. Ukitaka kulinganisha muda wa saa ya mkono na ule wa mitambo ya kielektroniki, ongeza sekunde 0.24. Basi 12.9 ya uwanja wa shule ni kama 13.14. Kwa vipimo vya mita 30, video ya simu ni bora kuliko kidole cha mtu.

Kuanza

Hapa ndipo anayeanza hupata faida ya haraka. Vibao vya kuanzia si lazima. Weka mguu wa mbele nyayo mbili nyuma ya mstari, wa nyuma nyayo tatu, goti la nyuma chini. Vidole vya mikono viwe nyuma ya mstari, mikono ipane kama mabega. Ukisikia "tayari", inua nyonga zipite mabega kidogo, goti la mbele likunjwe karibu nyuzi 90, kisha tulia. Ukitikisika unaweza kuonywa au kuhesabiwa umeanza mapema.

Mlio ukitoka, usiruke juu. Sukuma ardhi nyuma kwa miguu yote miwili, mwili ulale mbele kwa mstari mmoja kutoka kisigino hadi kichwa. Kosa la kila siku ni kuinua macho hatua ya pili ili kuona wengine wako wapi. Kichwa kikipanda, kifua hupanda, na mguu unaanza kutua mbele ya mwili badala ya kusukuma. Tazama ardhi mita mbili mbele, uinuke polepole hadi kama mita 20 au 30. Kama unajikwaa hatua ya kwanza, nyonga zako zilikuwa juu mno, au miguu bado haina nguvu ya kubeba mlalo huo. Basi anza ukiwa umesimama kwa wiki chache, hakuna aibu.

Katikati na mwisho

Unyayo utue karibu chini ya nyonga, kwa sehemu ya mbele. Wanaoambiwa "refusha hatua" hurusha mguu mbele, wakatua kwa kisigino: hiyo ni breki, na ndiyo njia fupi ya kuchana misuli ya nyuma ya paja. Viwiko vikunjwe karibu nyuzi 90, kiganja kitoke kwenye mfuko wa suruali hadi usawa wa kidevu, bila kukata kifua.

Katika mita za mwisho kila mtu hupungua kasi. Anayeshinda ni anayepungua kidogo. Legeza taya, mabega na vidole. Ukikunja uso na ngumi, hatua hufupika.

Wiki yako

Siku tatu zatosha, na kati ya siku mbili za kasi zipite angalau saa 48. Kila siku pasha mwili dakika 15 hadi 20: jogi fupi, kupembeza miguu, magoti juu, visigino kwenye makalio, kisha mbio tatu za mita 50 zinazoongezeka kasi. Kujinyoosha kwa kushikilia dakika nzima kuache hadi mwisho.

- Jumatatu, kuanza: mita 20 mara 4, mita 30 mara 4.
- Jumatano, kilima: mita 30 mara 6, ukirudi kwa kutembea na kupumzika dakika 2. Kampala haina upungufu wa vilima, ila chagua mteremko mpole. Ule unaofanya boda boda ilie utaharibu mtindo wako.
- Jumamosi, kasi: ongeza kasi mita 20, kisha kimbia mita 20 kwa kasi kamili, mara 4. Malizia na mita 80 mara 2 kwa karibu asilimia 90, ukipumzika dakika 8.

Ukiona muda wa mita 30 umeongezeka kwa sekunde 0.2, funga kazi ya siku hata kama idadi haijatimia. Jumatatu na Jumamosi, baada ya mbio, ongeza kuchuchumaa na kuinuka 3×10 (raundi 3 za mara 10), kuinua visigino 3×15, na kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo huku ukishuka mbele polepole, 2×4. Hilo la mwisho huuma sana kesho yake, lakini ndilo kinga ya paja.

Viatu: raba nyepesi yenye soli nyembamba inatosha miezi ya mwanzo. Ukinunua spaiki, yaani viatu vya misumari, za mitumba pale soko la Owino, Kampala, kunja soli. Ikikunjika kama ndara, iache. Misumari ya milimita 6 ni ya njia ya kukimbilia iliyotandikwa raba, kama ya uwanja wa Namboole, ya 9 au 12 ni ya nyasi. Nyasi zikilowa wakati wa mvua za Machi hadi Mei, fanya mazoezi ya nguvu tu, kwa maana mguu unaoteleza huvuta paja vibaya.

Paja likikushtua katikati ya mbio, punguza mwendo na usimame papo hapo. Usimalizie mita zilizobaki, na usikimbie kwa kasi hadi uweze kutembea haraka, kisha kujogi, bila maumivu. Pima mita 100 kila baada ya wiki nne, uwanja uleule na saa ileile, siku isiyo na upepo.