Kuidai kampuni jirani wajibu wake

Kampuni ikigawa unga wa Ramadhani pale Changamwe, Mombasa, shukuru, kisha uliza habari za moshi wa kiwanda chake. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi azingatie athari kwa jamii na mazingira. Msaada haufuti hilo.

Pata kwanza CR12, yaani hati ya msajili yenye taarifa za kampuni, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ujue jina lililosajiliwa, maana la bango la getini mara nyingi ni la biashara tu. Kisha iandikie kampuni barua yenye lalamiko moja: tarehe, saa, upepo unakotoka, picha. Nakala yako igongwe muhuri mapokezi, la sivyo watasema hawakuiona. Wakinyamaza wiki mbili, nenda NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kupinga leseni ambayo NEMA imeipa kampuni mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira kuna mwisho: siku 60.